Jina na Anwani: Uhakiki wa Katalogi za XML

Mwanaisimu hutenganisha jina la kitu na mahali kinapopatikana, kwani mtu akihama nyumba, jina lake halibadiliki. Waliotunga kanuni za hati zenye muundo waliichukulia tofauti hiyo kwa wepesi, na gharama yake ni kubwa.

Katika SGML, iliyopitishwa na shirika la ISO mwaka 1986, hati iliweza kuitaja sarufi yake, yaani DTD, kwa jina la hadharani peke yake. XML, iliyotolewa na W3C mwaka 1998, iliifanya anwani kuwa ya lazima na jina kuwa la hiari. Kwa kuwa anwani hiyo mara nyingi ni ya mtandaoni, programu nyingi zikazoea kuiendea kila zisomapo hati. Mwaka 2008 W3C ilieleza kwamba ilikuwa ikipokea maombi yanayofikia hadi milioni 130 kwa siku, ya kutaka mafaili ambayo hayakuwa yamebadilika kwa miaka.

Dawa ilikwisha kutolewa. XML Catalogs 1.1, iliyopitishwa na OASIS mwaka 2005, ni orodha inayoiambia programu: ukikutana na jina hili au anwani hii, soma nakala iliyo pale. Sifa yake kuu ni kwamba hati yenyewe haiguswi. Aidha, kwa sifa iitwayo «prefer», jina laweza kurudishiwa heshima yake mbele ya anwani.

Hata hivyo, waraka huo una pengo. Unaeleza namna ya kuipata nakala, lakini hausemi nakala hiyo iletwe vipi, ihifadhiwe kwa muda gani, wala isahihishwe lini. Jina lisipoonekana katika orodha, programu nyingi hurudi mtandaoni kimyakimya, na mtumiaji hajui kwamba hati yake inategemea mashine ya mbali.

Kwa watafiti wa Kiswahili nchini Kongo, kimya hicho si jambo dogo. Tuseme matini ya zamani ya Lubumbashi imeandikwa kwa XHTML 1.0, na ndani yake mna jina Élisabethville, herufi ya kwanza ikiwakilishwa na É. XML yenyewe inazijua alama 5 tu za namna hiyo. Nyingine hufafanuliwa katika mafaili 3 yanayoitwa na DTD. Mtandao ulipofungwa nchini tangu tarehe 31 Desemba 2018 hadi Januari 2019, programu isiyo na nakala isingeweza kulisoma jina hilo la mji, hata kama matini yenyewe imo katika kompyuta hiyo hiyo.

Kwa hiyo, anayehifadhi matini aweke pamoja nayo DTD, mafaili yake yote na katalogi, kisha aijaribu kazi yake mtandao ukiwa umezimwa. Hati isiyosomeka bila ruhusa ya mashine ya mbali haijahifadhiwa bado.