Benchi la Mwalimu, Mtoto wa Darasa la Kwanza

Picha za makabidhiano mliziona: utepe, viongozi, madawati yamepangwa uwanjani yanameta rangi ya bluu. Jina la halmashauri nalihifadhi. Uchomeleaji ni safi, mbao zimepigwa randa, kona hazichani nguo, na mzigo ulifika kabla shule hazijafunguliwa. Pongezi. Sasa tuje kwenye mchoro, maana huko ndiko walikoharibu: benchi sm 46 kutoka sakafuni, meza sm 76, kwa kila dawati, kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba. Kuna mtu alikaa mezani akaamua hivyo, wengine wakatia saini.

Wanaofuatilia mambo haya wanazijua tarakimu hizo. Ni saizi ya 6 katika kiwango cha Ulaya, EN 1729, ya mtu mwenye kimo cha kuanzia sm 159 hadi 188. Yaani mwalimu. Mtoto wa Darasa la Kwanza mwenye sm 115 anaangukia saizi ya 2: benchi sm 31, meza sm 53.

Mketishe mtoto huyo halafu umtazame. Akiegemea nyuma, miguu inaning'inia na ukingo wa ubao unambana chini ya paja, karibu na goti. Hawezi kuvumilia. Anasogea mbele, anatafuta sakafu kwa ncha za vidole, na egemeo tulilolilipia linabaki pambo nyuma yake. Njoo mezani. Kati ya benchi na meza mchoro umeacha sm 30. Yeye anahitaji 22. Kiwiko kinabaki chini ya ubao, kwa hiyo akitaka kuandika lazima apandishe bega, au aulalie ubao kwa kifua hadi kidevu kikaribie daftari. Mwalimu anapita anamwambia, "Kaa vizuri." Akae vipi?

Tazameni pia bomba la chini, lile linalounganisha benchi na meza kila upande, sm 12 juu ya sakafu. Rangi yake imeshachubuka, na muhula haujafika katikati. Watoto wa pembeni wamelivumbua: kila mmoja anaweka mguu mmoja hapo, kiuno kimepinda kuelekea nje. Dawati ni la watatu, na wa katikati hana bomba la kukanyagia. Akitaka kujigeuza, kulia kuna mwenzake na kushoto kuna mwenzake.

Nimewahi kujibiwa na afisa manunuzi mmoja, kwa utulivu kabisa: "Mtoto atakua." Haya, tupige hesabu. Mtoto wa umri huo huongezeka sm 5 au 6 kwa mwaka. Kutoka 115 hadi 159 ni sm 44, yaani kama miaka minane. Shule ya msingi ni miaka saba. Dawati litamtosha akiwa ameshaondoka.

Hoja nyingine ni gharama: mchoro mmoja, kiolezo kimoja, fundi hapotezi muda. Hii inawaingia watu kwa sababu hawajawahi kusimama karakana wakaona bomba linavyokatwa. Dawati dogo linakula mali kidogo. Chukua benchi peke yake: miguu minne, kila mguu ukipungua sm 15, zimebaki sm 60. Kwenye kila madawati kumi umeokoa bomba zima la mita 6, na meza sijaigusa. Violezo vitatu vya mabaki ya chuma vinagharimu nini mbele ya hapo? Sare za watoto hawa hatukushona kipimo kimoja, na hakuna aliyelalamika kuwa cherehani zimechoka.

Najua tulikotoka. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilijaza madarasa, Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa na wilaya hadi 30 Juni wawe wamemaliza upungufu wa madawati, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizookoa kwa kubana matumizi. Watoto walikuwa wanakaa chini. Idadi ndiyo iliyokuwa hoja. Ila tangu hapo ulimi wetu umezoea neno moja, upungufu. Nimeshasema humu na nitarudia: taarifa ya madawati isiyokuwa na safu ya vimo vya wanafunzi ni taarifa ya mbao.

Wazee walishalimaliza hili. Daktari Fahrner wa Zürich alichapisha kitabu kuhusu mtoto na dawati mwaka 1865, na Wajerumani wa enzi hizo walikuwa wakibishana iwapo ukingo wa benchi uingie chini ya meza au ubaki nje yake, na kwa kiasi gani. Dawati la Rettig, la miaka ya 1890, nalo lilifungwa pamoja kama letu, lakini lilitolewa kwa saizi kadhaa. Maria Montessori, Roma mwaka 1907, hakutaka hata hayo. Akatengenezesha vimeza na viti vyepesi ambavyo mtoto anabeba mwenyewe.

Na tafadhali, msinitajie Mandal. Kuna mhandisi aliyeutetea mchoro huu kwa kusema kwamba yule daktari wa upasuaji wa Denmark alipendekeza viti virefu. Ni kweli. Lakini benchi la Mandal linainama mbele, meza yake inainamia mwandishi, na nyayo ziko sakafuni. Hili letu ni bapa, na nyayo ziko hewani.

Wengine wamependekeza msumeno: fundi akate miguu ya madawati ya madarasa ya chini, mambo yaishe. Ukikata benchi na meza sawa, pengo la sm 30 linabaki vilevile. Ukitaka pengo la 22, meza ishuke sm 23 wakati benchi linashuka 15, na vyote viwili vimeungwa kwenye lile bomba lililo sm 12 kutoka chini. Msumeno ukipita kwenye 15, bomba linaondoka na vipande, na dawati linaachana. Itabidi kila moja lirudi karakana likachomelewe upya, kwa fungu ambalo kwenye bajeti ya mwaka huu halipo.