Jani Linaloachwa

Mchuma chai husifiwa kwa wepesi wa mikono. Mimi namsifu zaidi kwa kile ambacho mikono hiyo inakiacha kichakani.

Chai ililetwa Rwanda mwaka 1952, ikaanzia Mulindi, kaskazini mwa nchi. Leo huku kusini-magharibi, wilayani Rusizi, vilima vya Shagasha vimevaa chai, na msafiri atokaye Kamembe kwenda Nyungwe huona kijani kimoja tu, kimesawazishwa kana kwamba ni kwa mkasi. Mchumaji haoni kijani kimoja. Anaona chipukizi lenye manyoya membamba meupe, jani la kwanza, jani la pili, kisha jani la tatu ambalo tayari limeanza kukaza. Kidole gumba na cha shahada hukutana chini ya jani la pili, pale kikonyo bado ni laini, nacho hukatika bila kuvutwa. Majani hayabanwi kiganjani, kwa sababu jani lililopondeka huanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Yakijaa mkononi, hutupwa kikapuni mgongoni. Jani la tatu hubaki.

Hubaki kwa sababu ndilo linalolisha. Chipukizi ni mtoto wa kunyonya: halijaweza kujitengenezea chakula cha kulitosha, hivyo hutegemea sukari inayotoka kwenye majani yaliyokomaa chini yake. Chini ya ngozi ya juu ya jani lililokomaa kuna seli ndefu zilizosimama wima, zimebanana, zimejaa chembe za kijani zinazonasa mwanga. Chini ya hizo kuna seli zilizoachana, hewa ikizunguka kati yake. Na upande wa chini wa jani la chai ndipo penye vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, vinavyoingiza hewa ya ukaa na kutoa mvuke wa maji. Mwanga huingia kwa juu, hewa huingia kwa chini, na katikati usanisinuru unafanyika. Anayechuma hadi jani hilo hupata kilo nyingi leo, lakini kichaka chake hudhoofika, na michipuko inayofuata huchelewa na kupungua.

Umbo peke yake halitoshi. Jani linataka kula. Mjerumani Richard Willstätter, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915, alionyesha kwamba magnesi ni sehemu ya klorofili yenyewe. Leo tunajua kwamba katikati ya kila molekuli yake kuna atomu moja ya magnesi iliyozungukwa na nne za nitrojeni. Nitrojeni ndiyo pia inayojenga vimeng'enya vinavyogeuza hewa ya ukaa kuwa sukari, na potasiamu husaidia stomata kufunguka na kufungika. Kila kikapu kinachoondoka shambani huondoka na sehemu ya akiba hiyo. Ndiyo maana mbolea ya chai huwa na nitrojeni nyingi.

Mkulima mwenye jicho huisoma njaa hiyo kabla ya maabara. Majani ya zamani yakipauka yote, nitrojeni imepungua. Yakipata manjano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, magnesi haitoshi. Kingo zikiungua, ni potasiamu. Dalili hizi huanzia kwenye majani ya zamani, kwa kuwa mmea ukikosa huwapokonya wakubwa ili kuwapa wachanga. Chai hupenda udongo wenye asidi, na mvua nyingi za vilima hivi huosha magnesi na potasiamu kwenda chini; basi uangalizi huu haupumziki. Hata baada ya kupogoa, mkulima mwangalifu huacha matawi na majani yaozee papo hapo, virutubisho virudi kwenye mizizi.

Mizani hupima kilichochumwa, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Hakuna mizani inayopima jani lililoachwa, ingawa mavuno ya wiki mbili zijazo yanatoka humo. Kujizuia mbele ya jani ambalo lingeongeza uzito wa kikapu ni elimu na ni uadilifu. Ufundi huo unastahili kufundishwa kwa jina lake na kulipwa kwa thamani yake.