Usitazame Jicho, Tazama Weusi

Msimu wa Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila, ukikaribia, picha za gorila wa milimani zinafurika: kwenye kalenda za hoteli za ufukweni Gisenyi, kwenye mabango ya barabara ya Musanze, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wapiga picha wa Rubavu na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, Goma. Na kila msimu sifa zinamwagwa juu ya picha ileile mbovu. Uso wa dume umejaza fremu, jicho linameta, majani ya nyuma yameyeyuka yakabaki rangi tupu ya kijani. Lakini mnyama mwenyewe ni doa jeusi lisilo na unywele hata mmoja, au amepauka kama aliyemwagiwa majivu. Watu wanaandika "kali sana", kisha anayejiona mjuzi anauliza: lenzi ya milimita ngapi hiyo? Swali hilo ndilo linalowapotosha vijana wanaoanza kazi hii. Urefu wa lenzi umeandikwa ubavuni mwake, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuusoma. Ubora wa lenzi ndefu haujaandikwa popote. Unasomwa kwenye weusi. Na huku kwetu, ambako mnyama mweusi tii anakaa chini ya anga jeupe la mawingu, asiyejua kusoma weusi hana la kusifu wala la kuponda.

Tuanze na huo urefu, kwa sababu ndio unaowatoa watu pesa. Mgeni wa ng'ambo anayepanda kutoka Kinigi hulipa dola 1,500, bei iliyowekwa mwaka 2017, apate saa moja tu mbele ya familia ya gorila, naye hutakiwa akae meta 10 kutoka kwao. Kwa umbali huo, lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya sensa kamili inabeba eneo la upana wa meta 1.8 na kimo cha meta 1.2. Dume aliyeketi anaenea humo, na inabaki mianzi kidogo ya kuonyesha yuko wapi. Lenzi ya milimita 600, ile ambayo kila mtu anaiota, inabeba sentimita 60 kwa 40 tu: uso na kipande cha bega. Kibaya zaidi, lenzi ya milimita 600 ambayo wengi wanaimudu ina tundu la f/6.3, na f/6.3 inapitisha sehemu ya tano tu ya mwanga unaopita kwenye f/2.8. Chini ya mianzi, pale lenzi ya f/2.8 inapokupa sekunde 1/250, hiyo nyingine inakupa 1/50, nawe unaishika kwa mikono iliyochoka kwa kupanda mlima. Ndiyo maana nasema lenzi ya zum ambayo tundu lake linafinyika kadiri inavyorefuka haifai msituni, na hapo sioni mjadala. Na picha ya gorila ambayo mandhari yake yote yameyeyuka si picha ya gorila wa Virunga. Ni ya gorila wa popote, hata wa kizimbani.

Sasa weusi wenyewe. Anayeanza akikuza picha kwenye skrini hukimbilia jicho, na akiliona kali anaridhika. Jicho halipimi chochote: ni kitu chenye maji, kinameta, na hata lenzi duni italitoa. Shuka chini ya jicho, tazama pua. Ngozi ya pua ya gorila ni nyeusi juu ya nyeusi, ina mikunjo inayoanzia juu ya matundu na kupinda kila mnyama kwa namna yake. George Schaller aliyefanya utafiti Kabara mwaka 1959 na 1960, na Dian Fossey aliyefungua kituo cha utafiti cha Karisoke mwaka 1967, waliwatofautisha gorila kwa mikunjo hiyo, na wafuatiliaji wa leo bado wanaitumia. Picha ambayo mfuatiliaji hawezi kuisoma pua, hata jicho likiwa kali namna gani, haijamwonyesha mnyama aliyepigwa picha. Baada ya pua panda hadi kwenye kivuli cha paji la uso, pale mfupa unapotokeza na kuficha kope. Lenzi nzuri itakuonyesha kwamba mle kivulini mna ngozi, kisha nywele fupi zinazoanza, kisha nywele ndefu zinazolala upande mmoja. Lenzi mbovu itakuonyesha kiza kimoja kilichoziba au utando wa kijivu. Malizia kwenye ukingo wa bega, unywele mweusi unapokatiza mbele ya anga jeupe. Ukiona uzi wa zambarau umefuata ukingo huo, kioo kimeshindwa kuzikusanya rangi zote mahali pamoja, na hakuna mkono wa mpiga picha utakaoliponya hilo. Sehemu hizo tatu, yaani pua, kivuli cha paji na ukingo wa bega, zinatosha kuhukumu lenzi yoyote inayopanda Karisimbi au Bisoke.

Sababu yake si uchawi. Kila mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kisichopakwa kinga, karibu asilimia 4 inarudi nyuma. Lenzi ndefu ya kisasa inaweza kuwa na nyuso 30 za namna hiyo. Zisingepakwa, isingepita hata theluthi ya mwanga. Aleksander Smakula wa kampuni ya Zeiss ndiye aliyevumbua kinga hiyo ya kuzuia mng'ao mwaka 1935, na tangu hapo ushindani wa kweli kati ya watengenezaji umekuwa huo, ingawa matangazo yanazungumzia milimita. Mwanga uliorudi haupotei wote. Unaobaki unarandaranda ndani ya lenzi na mwisho unatua kwenye picha, na mahali unapoonekana kwanza ni penye weusi, kwa sababu peupe pameshajaa. Msituni chanzo chake kiko wazi: pengo la anga kati ya miti ya hagenia, hata likiwa nje ya fremu. Kwa hiyo kofia ya lenzi si pambo, na anayeifunga kinyumenyume safari nzima hajui aliinunua ya nini. Kadhalika kile kioo bapa cha bei rahisi ambacho wauzaji wanakifunga mbele "kuilinda lenzi": kinaongeza nyuso mbili mbovu mbele ya nyuso nzuri ulizolipia. Kivue. Halafu kuna kuvu, adui wa kila lenzi inayolala kwenye unyevu wa huku kati ya ziwa na volkano. Huota ndani kama nyuzi za buibui, inaweza isipunguze ukali wa jicho, lakini inatawanya mwanga na kuufanya weusi uwe kijivu. Kasha linalofunga vizuri na vifuko vya silika ndiyo kinga. Mchele ambao wengi wanautia kwenye mfuko hausaidii kitu.

Wakubwa wa kazi hii walilijua jambo hilo wakati vifaa vyao vilikuwa dhaifu kuliko simu ya leo. Carl Akeley alipopanda mlima Mikeno mwaka 1921 na kuwapiga gorila picha za sinema, alitumia kamera aliyoibuni mwenyewe, iliyokubali lenzi ndefu na kuzungushwa kwa wepesi kumfuata mnyama. Bob Campbell, mpiga picha wa Kenya aliyefanya kazi na Fossey kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, ndiye aliyempiga picha Fossey na watoto wawili wa gorila, ile ya jalada la National Geographic la Januari 1970. Tazama kazi yake ya msituni uone jinsi manyoya yanavyosomeka. Filamu za rangi za enzi hizo zilihitaji mwanga mwingi, na roli moja ilikuwa na picha 36. Mtu alilazimika kusubiri mnyama asogee mbele ya majani badala ya mbele ya anga, kisha ndipo abonyeze. Kofia za lenzi zilikuwa za chuma, ndefu, na hakuna aliyezisahau hotelini. Subira hiyo imepungua tangu kamera zilipoanza kupiga picha 20 kwa sekunde, na hasara inaonekana kwenye kalenda.

Wajanja nao wapo, na weusi ndio unaowaumbua. Muuzaji wa lenzi ya mtumba atakwambia uielekeze kwenye bango la duka la ng'ambo ya barabara usome herufi. Herufi nyeusi juu ya nyeupe mchana kweupe zitasomeka hata kwa lenzi iliyooza. Mwingine anatangaza "milimita 900" kumbe ni 600 iliyozidishwa mara moja na nusu kwa sababu kamera ina sensa ndogo. Lenzi haijarefuka, picha ndiyo iliyokatwa kingo. Wa tatu anakuongezea kirefushi cha mara mbili bila kukwambia kwamba kinameza robo tatu ya mwanga. Kwenye mashindano makubwa mambo ni yaleyale. Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la London lilimpokonya ushindi mshindi wa mwaka 2009 wa mashindano yake ya picha za wanyamapori, baada ya kuamini kwamba mbwa mwitu wa kwenye picha yake alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 likaiondoa picha nyingine iliyoshinda mwaka uliotangulia, ya mnyama mla mchwa wa Brazili, kwa kuwa wataalamu waliona ni mnyama aliyekaushwa na kujazwa. Waliutambua ujanja huo kwa kulinganisha alama na vishungi vya manyoya na vya mnyama aliyekaushwa aliyewekwa kwenye lango la hifadhi ambako picha ilipigwa. Laiti picha ingekuwa doa tupu, ushindi ungebaki palepale.

Wapo watakaosema kwamba programu za kuhariri zimelimaliza tatizo: vuta kitufe, weusi unarudi. Hoja hii ina nguvu kwa anayetazama picha kwenye simu tu. Mng'ao ulioingia ndani ya lenzi ni mwanga wa ziada uliorundikwa juu ya taarifa hafifu za kivulini. Ukiupunguza kwa programu, unaondoa utando lakini chembechembe zake zinabaki, na mikunjo ya pua iliyofunikwa hairudi. Programu mpya zinazosafisha chembechembe zina hatari nyingine: zinachora nywele kwa kukisia. Nywele zilizokisiwa hulala zote sawasawa, kama za zulia, na mtu aliyewahi kumtazama gorila halisi aliyelowa mvua anazitambua mara moja. Mpiga picha afanye kazi yake porini. Apunguze mwangaza stopu moja, asizidi hapo, maana kamera ikiona weusi mtupu hudhani ni usiku na kuchoma anga. Akishusha zaidi anayaua manyoya aliyoyafuata.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: si kila mnyama ni gorila wa meta 10. Mdiria anayewinda samaki wadogo wa sambaza ufukweni Gisenyi ana urefu wa sentimita 25 hivi, na ukiwa meta 20 kutoka kwake lenzi ya milimita 600 inampa takriban sehemu ya tano ya upana wa fremu. Kima wa dhahabu wa msitu wa Gishwati naye hakai chini. Kwa hao urefu unahitajika, nakubali. Lakini hata hapo urefu una mpaka, na mpaka wenyewe ni hewa. Jua likishapanda, hewa ya juu ya Ziwa Kivu inacheza, na picha ya ndege wa mbali inatoka imetetemeka hata kamera ikifungwa kwenye nguzo ya zege. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaongeza vumbi na moshi wa mashamba, na siku ambayo volkano ya Nyiragongo inapumua kuelekea kwetu, weusi wa mnandi unakuwa wa samawati. Lenzi ya milimita 800 inakuza hewa hiyo pamoja na ndege. Panda mtumbwi alfajiri, mwombe mwenye kasia azime mazungumzo, msogelee ndege. Meta 10 zilizopungua ni bora kuliko milimita 200 zilizoongezwa.

Inabaki bei, na hapa lawama ya kwamba haya ni madai ya wenye nacho inabidi ijibiwe kwa vitendo. Lenzi ya milimita 400 ya f/2.8 ni ndoto kwa karibu sote, na ina uzito wa kilo 3 katika zile nyepesi za leo. Lakini kipimo cha weusi kinamfaa maskini kuliko tajiri, kwa sababu kinamwelekeza kwenye lenzi ya zamani ya milimita 300 ya f/4 isiyo ya zum, yenye vioo vichache, ambayo wanaotafuta milimita wameidharau. Ukienda kununua, beba mwavuli mweusi. Kwanza washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi kabisa, uchungulie mbele: ukungu na nyuzi za kuvu zitajitokeza ambazo kwa mwanga wa dukani hazionekani. Kisha mwombe mtu asimame mlangoni na mwavuli uliokunjwa, anga likiwa nyuma yake, upige picha ukiwa ndani, kofia ikiwa mahali pake. Kuza picha kwenye skrini ya kamera na utafute mshono wa kitambaa cha mwavuli. Ukiuona, na ukingo hauna zambarau, anza kuongea bei, hata kama bati la nje limekwaruzika. Usipouona, rudisha lenzi. Na muuzaji akikataa jaribio la mlangoni kwa kisingizio cha vumbi, au akikwambia utaiona picha vizuri kwenye kompyuta ukifika nyumbani, usipoteze muda kumuuliza milimita.