Sabuni Haizibi Maji: Uhakiki wa Dawa za Tenki la Lori Linalovuja

Leo hatuhakiki kitabu. Tunahakiki ushauri, ule unaotolewa bure kando ya barabara pale tenki la maji la lori linapoanza kudondosha.

Kama umewahi kupita njia ya Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura hadi Benaco na Rusumo, malori haya unayajua. Huko Ulaya watu wana magari ya matembezi yenye kitanda, jiko na bomba la maji. Kwetu nyumba ya magurudumu ni lori la safari ndefu. Dereva na utingo wanalala humo, wanapika kando yake, na mengi yana tenki la plastiki chini ya bodi, lenye koki. Ukikwama kwenye foleni ya mpakani Rusumo au Kabanga, maji hayo ndiyo ya kunywa, ya ugali na ya kunawa. Tone moja kila sekunde linaweza kukuibia kati ya lita 4 na 20 kwa siku, kutegemea ukubwa wa tone. Na Januari 2025, serikali ilipotangaza mlipuko wa Marburg Biharamulo, kunawa mikono kulikuwa sehemu ya kinga. Kwa hiyo tusilichukulie jambo hili kama la fundi tu.

Haya, tuzipime dawa moja moja.

Sabuni ya kipande. Hii ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na sifa zake si za uongo. Tenki la dizeli likitoboka, unasugua sabuni kwenye ufa na unafika mjini. Inafanya kazi kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye dizeli, hivyo inakaa pale kama udongo wa kukandika. Sasa ihamishie kwenye tenki la maji. Sabuni imeumbwa iyeyuke kwenye maji, ndiyo kazi yake! Baada ya kilomita chache ufa uko wazi, na maji ya chai yana povu. Dawa nzuri, mgonjwa siye.

Gundi. Hapa watu wanapoteza hela nyingi. Gundi ya mabomba ya PVC haigandishi tu. Inalainisha uso wa PVC ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Lakini matenki mengi ya maji yametengenezwa kwa poliethilini, plastiki ileile ya madumu mengi, na gundi hiyo haiwezi kuiyeyusha. Hata superglue haina pa kushika, maana uso wa poliethilini unateleza kwa asili yake. Ndiyo maana kiraka kinabanduka kama gamba, kizima kizima. Ukikibandua, ukiangalia nyuma yake utakuta pasafi. Hakikuwahi kushika.

Kisu cha moto. Wengi wanaidharau hii, nami naitetea. Plastiki hii inaungana kwa joto: ukilainisha tenki na kiraka kwa pamoja, vinakuwa kimoja. Sharti ni viwe plastiki ya aina moja. Tazama alama ya pembetatu chini ya dumu: 2 na 4 ni poliethilini, 5 ni polipropilini, na 5 haiungani vizuri na 2. Usikate kiraka kwenye dumu lililobeba dawa ya shamba au mafuta. Fanya kazi hiyo penye hewa, tenki likiwa tupu na kavu, maana maji yakiwepo joto lote linaishia kwenye maji.

Mpira wa tyubu. Kwenye bomba ni mzuri kweli, kwa sababu ukiuvuta ukauzungusha unaendelea kubana wenyewe. Presha nayo ni ndogo: maji yenye kina cha nusu mita yanasukuma chini kwa sehemu moja tu ya ishirini ya presha ya hewa inayotuzunguka. Ila kwenye ubavu bapa wa tenki hauna cha kuzunguka. Na kama umefunga pampu ya volti 12, presha baada ya pampu inaweza kufika mara arobaini ya hiyo. Hapo tyubu ni ya kukufikisha kwa fundi, basi.

Kukaza nati. Huu ndio ushauri wa kwanza wa kila mtu, na mara nyingi ndio unaopasua tenki. Koki ya chuma na ukuta wa plastiki havitanuki sawa. Mita moja ya poliethilini ikiongezewa joto la nyuzi 20 hurefuka milimita 2 hadi 4. Chuma, karibu robo milimita tu. Mchana jua, usiku baridi ya Ngara, kiungo kinacheza. Ongeza na uzito: lita 200 ni kilo 200 zinazorushwa mbele kila ukishika breki. Kinachohitajika hapo ni washa mpya ya mpira, nati ya kukaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana, kipande cha bomba laini kati ya tenki na koki, na mikanda ya kulizuia tenki lisitembee.

Sasa lawama yangu kubwa. Dawa zote hizi zinakimbilia kuziba kabla ya kujua panapovuja. Maji hutambaa, yanapodondokea sipo yanapotokea. Jaza tenki, egesha lori mahali tambarare, funga koki, weka alama ya kimo, lala. Asubuhi, kama maji yameshuka yakasimama, tundu liko kwenye kimo hicho. Yakiisha yote, tafuta chini kabisa au kwenye koki. Kipimo hiki hakina gharama, ila kinataka subira, nayo barabarani ni adimu.

La pili halisemwi kabisa: panapotoka maji panaingia uchafu. Pampu inapovuta, ufa ulio upande wa kuvutia hautoi hata tone. Unanyonya hewa, na pamoja nayo vumbi na maji ya dimbwi. Ukisikia pampu inakohoa huku chini ni pakavu, usishangilie.

Kwa hiyo ukishaziba, kazi haijaisha. Kwa tenki la lita 200, weka mililita 200 za dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 5 isiyo na manukato, jaza maji, fungua koki mpaka harufu ifike, acha usiku kucha, kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Ushauri wa barabarani unaishia tone linapokata. Wewe endelea mpaka maji yawe ya kunywa.