Feni ya Rejeta na Njia ya Upepo

Feni ya umeme ya rejeta hufanya kazi yake kubwa gari linapokwenda polepole au linaposimama. Kwenye mwendo mzuri, upepo wa barabarani unatosha kupoza maji. Lakini foleni ikikaza, au gari dogo likipanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililolemewa, upepo huo hukatika na feni hubaki peke yake. Ndiyo maana gari lenye feni mbovu huchemsha mjini kisha likatulia likishika mwendo. Fundi hodari akisikia maelezo hayo tu, ameshajua pa kuanzia.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi maji yakiwa moto. Unazuia mgandamizo wa karibu baa 1, na kwa mgandamizo huo maji huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifunguliwa, maji huruka na kumbabua aliye karibu. Waya hasi wa betri hutolewa pia, kwani katika magari mengi feni huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Kabla ya kuilaumu mota hupimwa fyuzi, rilei na plagi. Feni ikipewa volti 12 moja kwa moja na ikazunguka kwa nguvu, ubovu uko kwingine, na ni hasara kuitupa kwa kosa la rilei.

Kufungua na kufunga ni kazi ya bolti chache. La kuangalia ni kava linalozunguka mapanga: lirudishwe, maana ndilo linaloulazimisha upepo upite kwenye uso wote wa rejeta, si mkabala na mapanga tu.

Ufundi wenyewe unaanza bolti ya mwisho ikishakazwa. Feni ikae nyuma ya rejeta ikivuta, au mbele ikisukuma, upepo sharti uelekee injini. Mota ya kawaida ya waya mbili, waya zikibadilishana, huzunguka kinyume na kuvuma vilevile, na mwenye gari huondoka ameridhika. Kumbe feni inairudishia rejeta joto la injini, na gari likitembea inashindana na upepo wa barabarani.

Feni za mtumba zilizotoka kwenye gari la aina nyingine huleta mtihani zaidi. Wapo wanaochomoa panga na kuligeuza, wakitumaini upepo nao utageuka. Haugeuki, kama skrubu isivyobadili upande wa kukazwa kwa kupinduliwa. Mbonyeo wa panga tu ndio hukaa vibaya na nguvu kupungua. Feni ya kusukuma ikihitajika kuvuta, hugeuzwa vyote viwili, panga na waya, tena ikiwa imeundwa kuruhusu hivyo.

Kipimo cha mwelekeo wa upepo ni karatasi nyepesi. Injini ikiunguruma, feni huwashwa (katika magari mengi kuwasha kiyoyozi kunatosha), na karatasi husogezwa mbele ya rejeta, au mbele ya kondensa kama ipo. Ikinata, upepo unaingia, ikisukumwa, unatoka. Fundi anayejitaabisha kwa karatasi hiyo, wakati sauti ya feni ingetosha kumridhisha mteja, anastahili heshima na malipo yake kamili.

Kisha kiyoyozi huzimwa na injini huachwa ipate moto. Gari lisikabidhiwe kwa mwenyewe kabla feni haijawaka na kujizima yenyewe.