Afande Hana Jina

Kwa hadithi nyingi za mtaani ninazosoma siku hizi, kijana huwa na jina, a.k.a. mbili, na mama anayechoma mahindi pale Kawangware 46. Polisi naye ni "afande" tu, tangu anaposhuka kwa gari hadi risasi inapolia. Waandishi wanaona huo ni uhalisia. Mimi naona ni uvivu, na historia ya neno lenyewe inaonyesha kwa nini.

Afande ni efendi ya Kituruki, maana yake bwana. Huku lilikuja na wanajeshi wa Sudan waliotumikia Misri, enzi ambazo Misri ilikuwa chini ya dola la Uturuki. Baadhi yao waliachwa na Emin Pasha, na mwaka 1891 Lugard akawachukua. Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari Wasudani kama hao, na jina la mtaa linatokana na kibra, msitu kwa Kinubi. Vyeo vyao vilinuka Uturuki: ombasha ni onbaşı, mkuu wa kumi, bimbashi ni mkuu wa elfu. Hata KAR, karibu na uhuru, ilikuwa na cheo cha effendi. Idi Amin alikipata 1959.

Sasa angalia Waturuki wenyewe walivyolitumia. Efendi lilifuata jina la mtu: Ahmet Efendi. Jina mbele, heshima nyuma. Mwaka 1934 sheria yao ikafuta efendi, bey na paşa, na mwaka huohuo ikataka kila raia awe na jina la ukoo. Sisi tumefanya kinyume kabisa. Heshima tumebaki nayo, jina tumelitupa.

Na Waturuki pia waliazima. Neno lilitoka kwa Kigiriki, authentes: mtu anayetenda kwa mamlaka yake mwenyewe. Katika Kigiriki cha kale, neno hilohilo lilimaanisha pia muuaji. Sisemi kila afande ni muuaji. Nasema hizo maana mbili zimewahi kukaa ndani ya neno moja, na mwandishi ndiye wa kuzitenganisha.

Baada ya uchaguzi wa 2017, risasi zililia Kibera na Kawangware. Waliokufa wana majina, na makwao bado yanatajwa. Upande ule mwingine kuna cheo tu, na cheo hakishtakiwi. Mwandishi anayemwacha polisi bila jina anamsaidia kuficha uso, tena bure.

Najua mtaniambia, "Bro, mtaani nani anajua jina la karao?" Watu wanajua. Mtaa humbatiza kila askari anayezurura vichochoroni. Wanajua anakunywa wapi, anachukua ngapi kwa mama wa kibanda, na nani hulala akimuogopa. Hiyo ni hadithi tayari, na inakosekana kwa sababu neno moja limeziba nafasi yake.

Mpeni jina basi. Mpeni kwao, mshahara unaoisha tarehe kumi, na mtoto anayemngoja. Kisha, kama hadithi inadai, mwacheni apige risasi. Hapo msomaji atajua ni nani aliyepiga.