Breki Hushikwa Kabla ya Jiwe

Kabla ya kushuka, mwenzangu hupunguza upepo kwenye matairi ya baiskeli. Hana kipimo. Hubonyeza tairi kwa kidole gumba, huachia upepo kidogo, hubonyeza tena. Tairi lililojaa sana hudunda juu ya mawe. Lililolegea kiasi huyashika.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Tulitoka Makina, Kibera, tukafuata Barabara ya Ngong hadi kwenye milima ya Ngong yenyewe, ambayo kilele chake kina mita 2,460. Kupanda kulitaka mapafu tu. Ufundi niliuona kwenye kushuka.

Tulipofika mahali ambapo mvua imekula njia ikabakiza mawe, mwenzangu yule alilaza baiskeli akashuka kwa miguu mpaka chini. Alisukuma jiwe moja kwa ncha ya kiatu, likacheza. La pili halikutikisika. Akarudi juu bila haraka, akapanda. Pedali zilikuwa sawa, viwiko vimekunjwa, makalio yamepita nyuma ya kiti, kidole kimoja kwenye kila breki. Alipunguza mwendo kwenye udongo, ambako tairi lina pa kushika; alipofikia mawe aliachia breki, gurudumu likapita juu ya lile jiwe la pili kama maji.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. "Kwa mitungi," akanijibu. Alipokuwa kijana alibeba maji kwa baiskeli Kibera, mitungi minne ya lita 20, kilo 80 nyuma yake, kwenye vichochoro vya mawe na mitaro. Ukishika breki ukiwa umechelewa, maji yanakusukuma. Kwa hiyo macho yalizoea kutangulia.

Si yeye wa kwanza kufunzwa na njia mbovu. Kule Kikuyu, ukishapita Kawangware na Dagoretti, David Kinjah, mwanzilishi wa timu ya baiskeli ya Safari Simbaz, alimfundisha Chris Froome baiskeli kwenye njia za vumbi. Mwanafunzi huyo alishinda mbio za baiskeli za Tour de France mara 4, ya kwanza mwaka 2013.

Mteremko ule nimeupita mara tatu nikikokota baiskeli, na mara moja tu nikiwa juu yake. Siku hiyo moja nilikaza macho kwenye mgongo wa mwenzangu, na mawe sikuyaangalia hata kidogo.